Lori Lililorudi Lenyewe

4 Februari

Kaka,

Huku sote wazima, isipokuwa masikio yangu, ambayo yamestaafu kabla yangu. La kushoto halisikii kitu, la kulia linasikia linapotaka. Ndiyo maana nimeacha kukupigia simu. Mara ya mwisho ulinieleza habari za goti la wifi nusu saa nzima, mimi nikawa nasema ndiyo, ndiyo, na nilipokata simu shemeji yako akaniuliza kuna habari gani, nikamwambia ni goti, zaidi ya hapo sijui. Basi turudi kwenye karatasi kama zamani. Wewe mwenyewe simu huipendi, unaishika kama umepewa mtoto wa mtu umbebe.

Binti yetu wa mwisho amejifungua salama, mtoto wa kike, kilo tatu na ushee. Shemeji yako amemaliza kupaka rangi nyumba na sasa analalamika hana kazi, kwa hiyo anafuata nyuma yangu jikoni akinisahihisha.

Kilichonifanya nishike kalamu ni lori. Mbele ya nyumba yetu wanachimba mtaro, na juzi wameletewa mabomba kwa lori moja refu, kichwa huku, tela kule. Likakwama kwenye kona kutwa nzima. Dereva anapanda, anashuka, anavua kofia, anaivaa. Mimi nimesimama dirishani nikajikuta nasema kwa sauti, "Bibi Harusi angeshapita hapa mara tatu." Shemeji yako akauliza, bibi harusi gani? Kaka, miaka thelathini na mitano ya ndoa, na mtu huyu hajui kwamba nililelewa katikati ya malori matatu. Nilimwambia tu kwamba Baba alikuwa na usafiri.

Naomba uniandikie. Wewe ndiye uliyeendesha. Mimi nilikaa ofisini nikipanga nani aende wapi. Nataka niwasomee watu wa nyumba hii. Anza popote unapotaka, na usione haya kutia chumvi.

Na lori lako, Sina Haraka, halijambo? Bado unalitoa kila siku?

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imechukua siku kumi na nane, nadhani imekuja kwa miguu. Hongereni kwa mjukuu. Wifi yako anakusalimu, goti limepoa, ulimi bado una nguvu zote. Kijana wetu yuko mbali kikazi, mkewe tunakaa naye hapa. Huyu mkwe ni muuguzi pale zahanati, na ndiye mtu pekee ndani ya nyumba hii anayenisikiliza mpaka mwisho.

Unaniuliza mimi habari za malori! Ni kumwuliza mlevi njia ya kilabuni. Wasomee hivi.

Waambie kampuni nzima ilikuwa kiwanja kimoja chenye mteremko, pipa la dizeli, na ofisi ya dirisha moja ambamo wewe ulikaa. Malori matatu, madereva wanne: Baba, mimi, Mzee Pole ambaye hajawahi kupita lori jingine maisha yake yote, na yule tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimwi. Malori yenyewe ya mwili mmoja, kichwa na mgongo vimeungana. Ukikata kona, lote linakata kona. Halikusaliti kwa nyuma kama haya ya tela. Bibi Harusi alikuwa wa kijani, ana pua ndefu, na tulimwita hivyo kwa sababu kila alikokwenda alifika amechelewa na watu wamekusanyika kumngoja. Mkwe Mkali gia yake ya pili ilikuwa haiingii mpaka uiombe radhi. Sina Haraka lilikuwa jipya kuliko yote, na sasa ndilo bibi kizee wa barabara hii. Tulibeba mbao, vitanda vya hospitali, shule nzima ya madawati, na siku moja kwaya iliyoimba njia nzima mpaka Mzee Pole akasimamisha lori kando ili alie vizuri.

Na usisahau la jiwe. Breki za mkono zilikuwa za mapambo, na kiwanja kinateremka. Kwa hiyo sheria ya Baba: dereva akiegesha, anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anapaza sauti, "Jiwe!" Wewe unachungulia dirishani, ukiliona unajibu, "Limekaa!" Kabla hujajibu hakuna kwenda nyumbani. Redio alikuwa akiita "Jiwe!" hata akitoka msalani.

Mimi sihitaji kukumbushwa. Tangu asubuhi ile Bibi Harusi aliporudi mwenyewe kinyumenyume, akabomoa ukuta wa seremala na kumvunja mguu yule mzee wa watu, eti kwa kuwa jioni ya kuamkia siku hiyo nilimwegesha nikasahau jiwe, jina langu limekuwa Bila-Jiwe. Huu mwaka wa thelathini na nane. Jana tu muuza mkaa kaniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Bila-Jiwe, hujambo!" Kijana mdogo, hata habari yenyewe haijui, amerithi jina tu. Mimi huwa nacheka. Lakini mpaka leo nikiegesha nashuka kutazama jiwe, napanda, nashuka tena kulitazama. Wifi yako anasema ni maradhi.

Sina Haraka halijambo. Isipokuwa geti limekuwa jembamba siku hizi, nimelikwaruza mara mbili mwezi huu. Nadhani ukuta umevimba kwa mvua. Na wewe uandike herufi kubwa kidogo, siku hizi wanauza wino mwepesi.

Kaka yako


24 Machi

Kaka,

Nimewasomea. Shemeji yako amecheka hadi kuvua miwani, na sasa kila akiweka kikombe mezani anaita "Jiwe!" nami inabidi nijibu. Mjukuu anaongezeka. Mtaro bado wanauchimba.

Umenirudisha dirishani pale. Nilikuwa na ubao na misumari mitatu ya kutundikia funguo, na sikuhitaji kuchungulia kujua nani anakuja. Mkwe Mkali alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kuingia. Bibi Harusi alipiga mluzi kwenye mkanda wa feni. Katika sauti zote zilizonikimbia, Kaka, ya ndege sijali, ya kengele ya mlango ndiyo kabisa, lakini ile ya lori tupu likishuka kilima, mnyororo wa bodi ukigonga, natamani niisikie mara moja tena.

Ila la jiwe na la seremala naomba tuliache. Watu wa huku sikuwasomea kipande hicho.

Sasa nikuulize. Juu ya bahasha ni mwandiko wa nani? Si wako. Ukurasa wa pili mistari yako imepandana, mmoja umekaa juu ya mwenzake kama watoto kwenye benchi. Na ukuta hauvimbi, Kaka. Sijapata kusikia ukuta uliovimba. Lini umepima macho?

Herufi nimeandika kubwa, kama unavyoona. Kama unaona.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Wifi yako amenunua mashine ya kushonea ambayo hakuna anayejua kuitumia, yeye akiwa wa kwanza. Mvua imekatika.

Bahasha ameandika mkwe kwa kuwa ana mwandiko mzuri, basi. Macho yangu yanaona kila ninachotaka kuona. Ile kazi ya kubeba saruji nimeiacha kwa sababu barabara ile ina vumbi. Sasa nabeba matofali tu, kutoka tanurini hadi duka la vifaa, njia ninayoijua kwa makalio. Na usiwe na wasiwasi na leseni, nabadilisha Septemba. Kule wanakupima kwa ubao wa herufi. Mkwe anao zahanati, nikamwomba anisomee, nikamwambia ni mchezo wa kuchangamsha akili. Nimeukariri mistari yote sita, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Waje na fimbo yao.

Umesema tuliache la jiwe. Kwa nini? Aliyeaibika ni mimi, wewe ulikuwa unajibu dirishani tu. Nikukumbushe jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Ile siku Baba hakunikaripia. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa makofi, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na sita. Akasema tu, "Utapumzika usukani kwa muda." Muda wenyewe ukawa miaka miwili, naosha vyuma kwa mafuta ya taa nyuma ya ofisi, na Redio anapita kila asubuhi ananiuliza kama nimeweka jiwe chini ya ndoo. Baba naye akaacha kuendesha siku ileile, hakupanda tena lori hata moja mpaka anakufa. Watu walisema nimemvunja moyo. Mimi pia nilisema hivyo.

Wewe ndiye uliyemfaidi Baba. Miaka miwili kabla ya hapo kila safari yake umo, umekaa pembeni yake kama bosi. Tulikuonea wivu. Tulijiuliza msichana wa ofisini anatafuta nini ndani ya kabini lenye joto vile. Ulikuwa unapenda nini, mandhari?

Kaka yako


5 Mei

Kaka,

Salamu za wote nimezileta, zipokee, kwa maana leo sina mkono wa kuzipanga.

Nasema waziwazi. Weka ufunguo chini. Si Septemba, leo. Kati ya tanuri na duka la vifaa kuna shule, ni shule niliyosoma mimi, na watoto wakiachiwa mchana wanavuka barabara wakitazamana wenyewe kwa wenyewe. Utamgonga mtoto wa mtu, na hutamwona mpaka umsikie. Mtu anayeona vizuri hakariri ubao wa macho. Mtu anayeona vizuri hakwaruzi geti alilopita miaka arobaini.

Sikusemi kwa dharau. Nakuogopea, na nawaogopea wale watoto, moyo unanidunda hadi nasikia kwa sikio bovu. Ajiri dereva. Lori litaendelea kuwa lako.

Lile swali lako la mandhari sijalijibu. Najua sijalijibu.

Mdogo wako


22 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Wifi yako anakusalimu.

Nimeendesha miaka arobaini bila kukanyaga hata kuku. Kosa langu moja linajulikana mtaa mzima, na nimelilipa. Sasa wataka nikabidhi ufunguo ili watu wapate kumalizia hadithi: alianza Bila-Jiwe, amemaliza Bila-Macho. Ningekuwa dereva wa jina safi ningeshuka kwenye lori hata kesho, nikakaa barazani nikapiga soga. Mimi siwezi. Nikishuka sasa, lile la seremala ndilo litakaloandikwa kaburini kwangu. Nitaendesha mpaka pawe na miaka mingi mizuri juu ya ule mmoja mbaya.

Habari hiyo usiniandikie tena.

Kaka yako


3 Julai

Kaka,

Umeniambia nisikuandikie habari hiyo, na nimetii karibu mwezi mzima. Nimechana karatasi nyingi. Shemeji yako aliniuliza naandika kwa nani, nikamwambia nahesabu nguo za dobi.

Nakuomba umwambie wifi aketi karibu nawe, kisha uisome yote.

Uliniuliza nilipenda nini ndani ya kabini la Baba. Nilikuwa namsomea barabara. Macho yake yalianza kufifia mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, na aliyejua ni mimi peke yangu. Nilijua siku aliponiambia geti limekuwa jembamba. Ndiyo, maneno yaleyale. Nilipoyaona kwenye barua yako ya Machi niliketi chini. Basi nikawa napanda naye, nasema polepole ili wapakiaji wa nyuma wasisikie: ng'ombe kushoto, baiskeli, daraja, punguza, sasa pita. Yeye alijua lori, mimi nilijua kilichokuwa mbele. Tukawa dereva mmoja.

Asubuhi ile wewe ulikuwa bado hujafika. Baba aliondoa jiwe mwenyewe. Nilimwona akiinama, akalisukuma pembeni kwa mguu, akapanda, akawasha. Mimi nilikuwa nafunga mlango wa ofisi nije nikae pembeni yake. Hakuningoja. Akarudi nyuma peke yake. Nilipiga kelele, lakini unaijua injini ya Bibi Harusi. Alipogonga, akazima, akashuka, akaupapasa ukuta wa seremala kwa mikono miwili kana kwamba haamini kuwa uko pale. Ndipo yule mzee akalia upande wa pili. Watu wakaja mbio. Mzee Pole akauliza, "Limerudi lenyewe?" Baba akasema, "Halikuwa na jiwe." Kisha akageuza uso upande wangu. Hakuniona vizuri, najua hakuniona, lakini aligeuza. Nami nikanyamaza.

Na jioni iliyotangulia uliita "Jiwe!" Nikachungulia, nikaliona limekaa nyuma ya tairi la kulia, nikajibu. Uliliweka, Kaka. Nilijua tangu dakika ile ya kwanza.

Baba aliniambia kwamba ikijulikana haoni, leseni itakwenda, wateja watakwenda, na madereva watakosa kazi pamoja nawe. Akasema wewe ni kijana, utapona. Ndiyo maana hakukukaripia, hakuwa na uso wa kukukaripia. Akaniahidi mawili: kwamba hatashika usukani tena, na kwamba atakwambia mwenyewe kabla hajafa. La kwanza alilitimiza siku ileile. La pili nililingoja. Hata kwenye kitanda chake cha mwisho nilikuwa namtazama mdomo. Akafa hajasema, na kuanzia hapo iliyobaki ikawa aibu yangu mwenyewe, si yake. Unadhani niliolewa mbali kwa kupenda safari? Kila mara mtu alipokuita lile jina mbele yangu nilitafuta pa kukimbilia.

Nilipokuomba Februari unisimulie malori, nilikuwa nazunguka nyumba nikitafuta mlango wa kuingilia. Sikuandikii leo ili unisamehe. Umesema mtu mwenye jina safi angeweza kushuka. Wewe jina lako ni safi, lilikuwa safi siku zote, ni mimi niliyekaa juu yake. Basi shuka.

Mdogo wako


29 Septemba

Mdogo wangu,

Mwandiko ni wa mkwe, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike yote, hata nikikohoa. Hapa nimekohoa.

Barua yako ilikaa siku mbili mezani. Nilijaribu kuisoma mwenyewe juani, karibu na dirisha, kwa miwani ya wifi yako na bila miwani. Herufi zako kubwa zote zilikuwa mchwa. Mwishowe nikampa mkwe aisome kwa sauti, kwa hiyo na yeye ameyasikia. Alipofika kwenye ukuta wa seremala akasimama, akaniuliza, "Baba, niendelee?" Nikamwambia endelea.

Sikukujibu Julai, sikukujibu Agosti. Nilikuwa na hasira, na nakwambia ili ujue, kwa kuwa kunyamaza katika ukoo wetu kumeshatosha. Nilimkasirikia Baba, lakini maiti hagombezeki, nikakugeuzia wewe zako na zake. Ungesema neno moja mwaka ule wa kwanza, nikiwa naosha vyuma. Ungelisema hata kwa ishara. Unajua kilichonitesa si jina. Nilikuwa nakumbuka nimeita "Jiwe!" ila jibu lako nilikuwa silikumbuki. Kila mwaka nilijaribu kulisikia, na kila mwaka likawa mbali zaidi, mpaka nikakubali kwamba hukujibu kwa kuwa hapakuwa na jiwe. Nimejishuku kwa kila kitu tangu hapo. Mlango nimefunga? Jiko nimezima? Na kumbe jibu ulikuwa nalo wewe.

Sijakusamehe yote. Nimekusamehe kidogo, mkwe anaandika hapa "nusu", sikusema nusu, lakini mwache. Inayobaki siwezi kuisamehe kwa posta.

Wifi yako alilia, kisha akajifunga kanga akatoka, na kabla ya mchana mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza mkaa kaja kunipa pole. Anasema jina ataendelea nalo kwa kuwa ameshalizoea.

Mkwe hakunipeleka kwenye leseni, alinipeleka hospitali. Alikuwa amenuna kwa ajili ya ule ubao wa herufi, mpaka leo ananikumbusha. Daktari alinionyesha ubao, nikaanza kuusoma, akaniambia, "Mzee, nimeshauondoa, hapo ni ukuta." Jicho la kulia lina ukungu, litapasuliwa mwezi ujao na anasema litarudi kiasi. La kushoto limeshakwenda. Akaniuliza nimeendesha hivi tangu lini, nikamwambia tangu geti lilipoanza kuwa jembamba, akadhani namtania.

Ufunguo nilikabidhi wiki iliyopita. Nimeajiri dereva, mwanamke wa makamo, alikuwa akiendesha gari la maji. Anabembeleza gia vizuri kuliko Mzee Pole na anaongea robo ya robo ya Redio. Jumatatu akaniambia, "Mzee, panda unionyeshe njia ya tanurini." Njia haihitaji kuonyeshwa, imenyooka. Nadhani alinionea huruma. Nikapanda upande wa abiria.

Ndani ya Sina Haraka sijapata kukaa upande ule. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Kiti ni kilekile, joto ni lilelile, lakini hakuna cha kushika. Tulipokaribia shule sikuona shule, niliijua kwa mwili na kwa kelele za watoto, na mguu wangu ukaenda kwenye breki. Upande ule hakuna breki. Kuna bati tupu. Nikalikanyaga bati kwa nguvu zangu zote. Dereva alikuwa ameshapunguza mwendo zamani, watoto wakavuka, naye akasubiri kwa utulivu. Mimi bado nakanyaga. Nilikanyaga bati lile hadi tanurini, nikalikanyaga tena tukirudi, na niliposhuka paja lilikuwa linatetemeka, ikabidi niketi kwenye kidaraja cha kupandia lori mbele ya wapakiaji wote.

Akili yangu ikaja kwako. Mimi nilikuwa na dereva anayeona, kwa safari moja tu. Wewe ulikaa pale miaka miwili, pembeni ya mtu asiyeona, na tani saba nyuma yenu. Mdogo wangu, ulikuwa na miaka kumi na tisa, na sisi wote tulikuonea wivu. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama unaogopa.

Kaka yako